Darwin! ya Banco del Mutuo Soccorso: dakika 47 zisizotaka kurukwarukwa

Tuseme mapema: hii si albamu ya kupigia pasi nguo. Ukiiweka chinichini huku unashughulika na mengine, utasikia kinanda kinaunguruma, mtu anaimba Kitaliano kwa sauti ya opera, dramu zinakurupuka bila taarifa, na baada ya dakika kumi utaizima na kusema hawa watu hawajui wanakokwenda. Wanajua. Darwin! ya Banco del Mutuo Soccorso (Banco kwa kifupi), bendi ya roki ya Italia, iliyotolewa na kampuni ya Ricordi mwaka 1972, ni kisa kimoja cha dakika 46 na sekunde 50 kilichogawanywa katika nyimbo saba. Uhai unatambaa kutoka baharini, mnyama anainuka kwa miguu miwili, anakutana na kundi, anatamani, anajenga, anajisifu, na mwisho anauomba muda umwongezee muda. Ukiifuata kwa mpangilio wake, inakulipa. Ukichomoa wimbo mmoja mmoja, sehemu kubwa ya thamani yake inamwagika njiani.

Waliopiga ni sita. Vittorio Nocenzi anashika kinanda cha Hammond, sintesaiza (kinanda cha kielektroniki) na harpsikodi (kinanda cha kale cha nyuzi). Mdogo wake Gianni yuko kwenye piano na klarineti. Marcello Todaro ni gitaa, Renato D'Angelo besi, Pierluigi Calderoni dramu na timpani (ngoma kubwa za okestra), na Francesco Di Giacomo ndiye mwimbaji. Angalia hesabu hiyo: ndugu wawili wa vinanda, mpiga gitaa mmoja. Kwenye roki ya Uingereza ya miaka ile gitaa lilizoea kukaa mbele. Hapa limetumwa jikoni. Linakata, linasukuma, linajibu vinanda, lakini anayesubiri gitaa lichukue uwanja kwa dakika tatu mfululizo atasubiri sana. Kazi ya kusimulia wameachiwa vinanda, na ndugu hawa wamegawana majukumu kwa namna inayosikika mara tu ukiifahamu: penye tope, meno na kwato utasikia zaidi Hammond na sintesaiza za kaka, penye kiumbe kinachoanza kujiuliza maswali, piano ya mdogo inasogea mbele. Hakuna anayekuambia hili kwenye jalada, ila likishakuingia sikioni albamu inafunguka.

Santuri ya asili ina nyimbo mbili tu upande wa kwanza, na hapo ndipo wasikilizaji wengi wanapoamua kubaki au kuondoka. L'evoluzione ina dakika 13 na sekunde 59. Inaanza kwa sauti ya chini sana, vinanda vinavimba polepole, kisha Di Giacomo anaingia kwa utulivu akimwalika msikilizaji ajaribu kufikiri tofauti kidogo: kwamba hakuna kilichotengenezwa na miungu wakubwa, viumbe vimejiumba vyenyewe kwa seli, nyuzi, nguvu na joto. Baadaye linakuja fuvu la kale lenye sura inayofanana na ya mtazamaji, na hitimisho kwamba Adamu hawezi kuwepo tena, na siku saba ni chache mno kwa kazi ya uumbaji. Mwenye imani yake asije akasema hakuonywa. Lakini pia ajue mashairi haya yalitoka wapi na lini. Sheria ya kuruhusu talaka ilipita Italia mwishoni mwa 1970, na mwaka 1974 wananchi wakapiga kura wakakataa kuifuta. Albamu imeangukia katikati ya mvutano huo, nchi nzima ikibishana kuhusu mipaka ya sauti ya Kanisa. Jina la Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, likiwa na alama ya mshangao juu ya jalada halikuwa somo la baiolojia tu.

Kuna beti katika wimbo huu wa kwanza zinazostahili kusikilizwa ukiwa na maneno mkononi. Ni zile ambamo bahari inatapika viumbe visivyo na umbo, vinarundikana kwenye fukwe zilizooza, vinapandana vikitambaa, hadi muda utakapoigeuza miili yao laini kuwa maumbo yanayofaa kuishi. Sikiliza miisho ya mistari: vomita, putride, ospita, simili. Yote yana mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, kisha silabi mbili nyepesi zinaporomoka. Sikio la Mswahili, lililozoea mkazo utue silabi moja kabla ya mwisho, linajikwaa kila mstari, kama vile hatua imekosa ngazi. Na ndivyo inavyotakiwa. Mistari inatambaa na kuteleza sawasawa na viumbe vinavyotajwa. Di Giacomo haongezi chumvi. Anatamka kila silabi kwa usafi na kuiacha lugha ifanye kazi. Sauti yake ni kubwa, ya juu, yenye pumzi ya opera, lakini hapigi kelele. Ndiye yule mtu mnene mwenye ndevu anayeonekana kwenye filamu za mwongozaji wa Italia Fellini, zikiwemo Roma na Amarcord. Alifariki kwa ajali ya gari mwezi Februari 2014.

Kosa la kawaida kwenye wimbo huu ni la mkono wa msikilizaji. Mwanzo ni wa chini mno, kwa hiyo anapandisha sauti. Bendi nzima inapoingia, spika zinakwaruza na jirani anagonga ukuta. Fanya kinyume: ruka kwanza hadi sehemu yenye kishindo, pima sauti unayoweza kuivumilia, kisha rudi sekunde ya kwanza na usiguse tena. Kama simu yako ina ile huduma ya kusawazisha sauti ya nyimbo zote, izime. Inaweza kuinua sehemu za kimya na kubana za kishindo, na albamu hii imejengwa juu ya tofauti hiyo.

La conquista della posizione eretta, yaani kupata uwezo wa kusimama wima, ina dakika 8 na sekunde 42, na zaidi ya nusu yake ni ala tupu. Mdundo ni mzito, wa kukokota, unajaribu kunyanyuka, unaanguka, unajaribu tena. Mwimbaji anakuja mwishoni, mnyama akiwa tayari amenyanyua uso kutoka ardhini na kuona mbali. Mpenzi wa taarab asilia hatasumbuka na kungoja huku. Amezoea ala zimalize mazungumzo yao kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Msikilizaji wa Afrika Mashariki ana sababu nyingine ya kutega sikio. Wakati wimbo unatoka, nyayo za Laetoli, kusini mwa Oldupai, zilikuwa bado chini ya majivu ya volkano. Kikosi cha mwanaakiolojia Mary Leakey kilizifukua mwaka 1978, na umri wake ni takriban miaka milioni 3.6. Waitaliano hawa waliimba tukio ambalo ushahidi wake mzuri kuliko wote ulikuwa Tanzania, ukisubiri.

Upande wa pili una nyimbo tano na dakika 24, na kwa maoni yetu ndio unaoibeba albamu, ingawa sifa nyingi huenda kwa wimbo wa kwanza. Unaanza vibaya kidogo. Danza dei grandi rettili, ngoma ya mijusi wakubwa, ni kipande cha ala cha dakika 3 na sekunde 42 chenye harufu ya jazi, piano na besi zikitembea kwa madaha. Chenyewe kinapendeza. Shida ni mahali kilipokaa. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na sisi tumetoka sasa hivi kumsimamisha mtu kwa miguu miwili. Kisa kimerudi nyuma bila kuaga. Ukipiga hesabu utaona kwamba kukipeleka upande wa kwanza kungeufanya upande huo uzidi dakika 26, urefu ambao wakataji wa santuri hawaupendi hata kidogo. Huenda ndiyo sababu, huenda sivyo. Anayesikiliza kwa simu hana kizuizi hicho: tengeneza orodha yako, kiweke kati ya wimbo wa kwanza na wa pili, na uone kisa kinavyonyooka. Ni ruhusa pekee tunayoitoa ya kuvuruga mpangilio.

Cento mani e cento occhi, mikono mia na macho mia, ndio wimbo wenye kasi kuliko yote. Kiumbe mpweke anaona wengine kwa mbali uwandani, wamesimama wima, na suala la nguvu ya kundi linaingia. Wapiga vinanda wanakimbizana bila huruma, na hapa ndipo Calderoni anapoonyesha kwa nini walimhitaji: dramu zake hazihesabu tu mapigo, zinafuata kona za vinanda moja baada ya nyingine. Kwa spika ya simu utapata nusu ya habari, kwa sababu besi ya D'Angelo, ambayo ndiyo inayoshika njia, itakuwa imepotea. Hedifoni za kawaida za waya zinatosha. Si lazima ziwe za bei. Epuka tu zile zilizojaziwa besi kiwandani, maana zinageuza timpani na besi kuwa uji mmoja.

Halafu unakuja wimbo wa tano, 750.000 anni fa... l'amore? Miaka 750,000 iliyopita, mapenzi? Dakika 5 na sekunde 38. Kama una nafasi ya wimbo mmoja tu wa kumjaribia mtu asiyeijua roki ya Italia, mpe huu.

Kisa ni rahisi. Kiumbe nusu nyani amejificha, anamtazama mwanamke anayeshuka mtoni. Anamtamani, na zaidi ya kutamani kuna kitu kingine ambacho hana jina lake. Anawaza kwamba kama angekuwa wake kweli, angemvika kifua matone ya maji, na chini ya nyayo zake angetandika upepo na majani. Kisha anakumbuka yeye ni nani. Hana maneno ya kumwambia, na sura yake itamtisha. Piano ya Gianni inambeba karibu peke yake mwanzoni, na Di Giacomo, mwenye sauti inayoweza kujaza ukumbi bila kipaza sauti, anaimba kana kwamba anaogopa kusikika. Kishindo kinakuja baadaye, na kinauma kwa sababu ya kimya kilichotangulia. Wanaosema roki hii ni hesabu tupu na vidole vya haraka hawajafika wimbo wa tano.

Mjuzi wa mifupa atapinga tarehe, na atakuwa na haki. Mvulana wa Turkana aliyepatikana Nariokotome, Kenya, mwaka 1984, alitembea wima miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, na watu wa kizazi chake walichonga mashoka ya mawe. Kufikia miaka 750,000 iliyopita kiumbe wa wimbo huu asingekuwa nyani asiye na akili. Namba ile ni ya mshairi, ichukuliwe hivyo.

Miserere alla storia inachukua zaburi ya toba ya Kanisa na kuwaelekezea wajenzi wa mnara wa Babeli. Sehemu kubwa ni ala, na katikati Di Giacomo anaacha opera kabisa. Anashuka kooni, ananguruma, anamtukuza binadamu kwa kejeli, kisha anamuuliza akili yake ina uhai gani kama nyuma yake kizazi chake kinatoweka. Wengine huona kitendo hiki ni cha jukwaa mno. Sisi tunaona kinafaa, kwani baada ya wimbo wa tano msikilizaji alishaanza kumhurumia binadamu, na hapa anapigwa kofi. Kinachopungua ni urefu: dakika 5 na sekunde 58 zingeweza kuwa 4 bila hasara.

Wimbo wa mwisho una jina refu kuliko beti zake: na sasa nauomba muda uniongezee muda, nao unanijibu, sina! Unakwenda kwa mapigo matatu ya valsi, gurudumu zito linazunguka na kukereza, na mwimbaji analalamika kwamba linamsaga mifupa na hiari yake. Baada ya dakika 43 za ukuaji na ushindi, dakika tatu na nusu za mtu aliyechoka. Hakuna kwaya wala kishindo cha kufungia, uamuzi wa kijasiri kwa bendi yenye vinanda vingi hivi.

Kuhusu sauti ya rekodi, tusidanganyane. Ni ya 1972 na inasikika hivyo. Dramu ni kavu na nyembamba kuliko zilivyostahili, penye msongamano vinanda vinamfunika mwimbaji, na kwenye sehemu za kimya mvumo wa tepu unasikika kwa hedifoni. Usijaribu kuuondoa kwa kushusha sauti nyembamba kwenye kisawazishi. Utaondoa na sauti ya nyuzi za piano.

Tahadhari kubwa zaidi ni ya toleo. Mwaka 1991 Banco waliingia studio upya wakarekodi tena albamu zao mbili za mwanzo, zikatolewa na kampuni ya Virgin kwa jina Da qui messere si domina la valle. Nyimbo ni zilezile, mwimbaji ni yuleyule, ila vinanda ni vya zama nyingine na dramu zina ule mng'ao wa studio za wakati huo. Uimbaji umekomaa, lakini tope limeoshwa, na bila tope kisa hiki kimepoteza nusu ya mwili wake. Ukiona Virgin au 1991 kwenye maelezo, hiyo siyo. Kwenye huduma za mtandaoni, ambako mwaka huandikwa ovyo, tumia muda wa nyimbo: wa kwanza uwe 13:59, wa tano 5:38, wa mwisho 3:29, au karibu sana na hapo. Tofauti ya sekunde chache hutokana na namna mafundi walivyokata kimya cha mwisho. Ikiwa kubwa, chunguza zaidi.

Anayenunua santuri iliyotumika aukague upande wa pili kwanza. Dakika 24 kwa upande mmoja ni nyingi, kwa hiyo mifereji imebanana na sauti imekatwa chini kidogo. Mikwaruzo ambayo kwenye santuri fupi usingeijali, hapa inafunika piano. Wimbo wa tano ndio kipimo: kama tundu la katikati halijakaa sawa, noti ndefu za piano zitapanda na kushuka kila baada ya sekunde 1.8, ambao ndio muda wa mzunguko mmoja kwa kasi ya 33⅓. Usifikiri ni mashine yako hadi ujaribu santuri nyingine. Miserere na wimbo wa mwisho vimekaa ndani karibu na lebo. Huko mfereji unapita chini ya sindano kwa sentimita 21 hivi kwa sekunde, wakati ukingoni ni takriban 51, na sindano iliyochakaa haiwezi kusoma mawimbi yaliyobanana namna hiyo. Mngurumo wa Di Giacomo unageuka mkwaruzo. Uzito wa sindano uwe ule ulioandikwa na mtengenezaji wake, mara nyingi kati ya gramu 1.5 na 2.5. Kuupunguza ukidhani unaihurumia santuri ni kosa: sindano nyepesi inarukaruka na kukwangua kuta za mfereji.

Kwa wanaotumia bando, albamu nzima kwa ubora wa chini wa kilobiti 96 kwa sekunde inakula MB 34 hivi, kwa 160 ni MB 56, na kwa 320 ni MB 112. Faili zisizobanwa kwa kupoteza, za FLAC, zinakaribia MB 300. Kwa rekodi hii 160 inatosha kwa hedifoni za kawaida; 96 haitoshi, kwa sababu matoazi na harpsikodi vinaanza kutoa mlio wa maji. Pakua kabla, maana mtandao ukikatika katikati ya L'evoluzione itabidi uanze upya. Zima pia alama ya kuchanganya nyimbo, ambayo kwenye baadhi ya programu inawaka yenyewe kwa wasiolipia.

Maneno yasome kabla, si wakati wa kusikiliza. Wimbo wa kwanza, wa tano na wa mwisho vinatosha kwa mara ya kwanza. Kitafsiri cha mashine kitakupa habari ya jumla tu, kwani mashairi haya yana Kitaliano cha vitabuni kilichopinduliwa mpangilio. Bora kupata tafsiri ya mtu hata kama iko kwa lugha nyingine unayoisoma.

Dakika 47 zikikuzidi, anza na Felona e Sorona ya Le Orme, ya 1973, kisa cha sayari mbili kinachoisha kwa dakika 33 hivi na chenye wanamuziki watatu tu. Ni rahisi kuifuata, ingawa haikufikishi mbali kama hii. Ukishamaliza Darwin! na bado una hamu ya Banco, nenda kwa albamu yao ya kwanza, ile ya jalada lililokatwa umbo la kibubu, na usubiri Il giardino del mago ya dakika 18. Io sono nato libero ya 1973 iwe ya tatu. Wimbo wake wa kwanza unachukua zaidi ya dakika 15, na hapo gitaa la nyuzi kavu linapewa nafasi ambayo Todaro aliikosa humu.